Je, Wajua? Santuri Husikiliza Kutoka Kiti Ambacho Hakipo

Wapenzi wa stirio wana kitu wanachokiita jukwaa la sauti. Ukikaa sawasawa mbele ya spika mbili nzuri ukaweka santuri ya okestra ya Ulaya, unaweza kufumba macho na kunyoosha kidole: fidla za kwanza zile pale kushoto, besi kulia, filimbi katikati kwa nyuma kidogo, ngoma kubwa za timpani kule mwisho karibu na ukuta. Kila chombo kina mahali pake, kama wanafunzi waliopangwa kwenye madawati. Wapo walionunua spika za bei ya gari kwa ajili ya hilo tu. Je, yule aliyekata tiketi akaenda ukumbini Vienna au Boston, akaketi safu ya kumi na nane, naye anasikia hivyo?

Hasikii hivyo. Sababu ziko kwenye kuta za ukumbi, ziko ndani ya kichwa cha binadamu, na ziko mikononi mwa mafundi waliotundika maikrofoni.

Je, wajua kwamba stirio ilianzia kwenye simu? Mwaka 1881 Paris iliandaa Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme. Mhandisi Mfaransa Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa la Opera, vingine kushoto na vingine kulia, akavuta nyaya hadi kwenye jengo la maonyesho, umbali wa zaidi ya kilomita 2. Mgeni alipewa vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio. Kwa sikio moja alimsikia mwimbaji. Kwa masikio mawili alimsikia mwimbaji akitoka upande huu wa jukwaa kwenda upande ule. Kuanzia 1890 kampuni ikauza huduma hiyo majumbani kwa jina la théâtrophone, na ilidumu hadi 1932. Mwandishi Marcel Proust, aliyesumbuliwa na pumu maisha yake yote, alijiunga mwaka 1911 akawa anasikiliza opera bila kutoka nyumbani.

Tangu siku hiyo ya kwanza kilichowashangaza watu kilikuwa mwendo wa mtu jukwaani, jambo la tamthilia. Okestra haitembei. Mpiga fidla anakaa kwenye kiti chake tangu mwanzo hadi makofi yanapopigwa.

Miaka 50 baadaye mambo yalikuwa yale yale. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI nchini Uingereza, alikwenda sinema na mkewe. Inasimuliwa kwamba alikerwa na jambo dogo: mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia, sauti yake inatoka kwenye spika iliyo upande mwingine. Akamwambia mkewe kwamba amepata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Tarehe 14 Desemba 1931 akawasilisha ombi la hataza, lile lililopewa namba 394,325, na ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu ambacho stirio ingekihitaji kwa nusu karne iliyofuata, pamoja na namna ya kuchonga njia mbili za sauti ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Januari 1934 alinasa mazoezi ya London Philharmonic katika studio za Abbey Road, Thomas Beecham akiiongoza simfonia ya 41 ya Mozart. EMI haikuuza kitu. Blumlein alifariki tarehe 7 Juni 1942, akiwa na miaka 38, ndege ya kijeshi ya Halifax aliyokuwa akijaribia rada ilipoanguka. Hakuishi kuona santuri ya stirio dukani.

Nami huwa nakumbuka kwamba baba wa stirio aliwaza picha kwanza. Alitaka sauti ikae pale jicho linapotazama. Sebuleni hakuna cha kutazama, na hapo ndipo sauti ilipobebeshwa kazi ya jicho.

Tuingie kichwani. Masikio yako mawili yametengana kwa sentimita 18 hivi. Sauti ikitoka kushoto kabisa, hulifikia sikio la kushoto mapema kuliko la kulia kwa takriban milisekunde 0.6 au 0.7, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huipima tofauti hiyo na kukuambia sauti imetoka wapi. Kwa sauti nyembamba hutumia kipimo kingine: kichwa chenyewe hutia kivuli, na sikio lililo upande wa pili hupata sauti hafifu. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza njia hizo mbili mwaka 1907. Mtu mwenye masikio mazima, akielekea mbele mahali pasipo mwangwi, anaweza kutofautisha sauti mbili zilizoachana kwa nyuzi 1 tu. Ni kipaji kikubwa. Kilitulinda porini kabla ya kutuburudisha.

Hapo mtu atasema: kama sikio lina shabaha ya nyuzi 1, basi ukumbini tunapaswa kusikia kila fidla mahali pake. Tungesikia hivyo kama okestra ingepiga uwanjani, pasipo kuta wala dari. Ukumbini mambo hubadilika, na kubadilika huko ndiko kunakoleta utamu wa ukumbi.

Chukua ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870. Una umbo la sanduku refu, upana wake ni mita 19 hivi, hewa iliyomo ndani ni takriban mita za ujazo 15,000, na watu wakijaa sauti huchukua kama sekunde 2 kufifia hadi kunyamaza. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi wa sauti, ukumbi wa namna hiyo una mpaka usioonekana, mita 5 hivi kutoka kwenye chombo. Ndani ya mpaka huo, sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye chombo ndiyo yenye nguvu. Ukiuvuka, sauti iliyogonga kuta, dari na sanamu za rangi ya dhahabu zilizomo humo huizidi. Mita 20 kutoka jukwaani, ambako bado ni kiti cha heshima, sauti ya mwangwi ina nguvu karibu mara 16 ya ile ya moja kwa moja.

Rudia kuisoma namba hiyo. Mtu aliyelipa tiketi ghali anasikiliza kuta zaidi ya anavyosikiliza fidla.

Kwa nini basi hatuoni kama muziki unatoka darini? Kwa sababu ubongo humpa cheo yule aliyetangulia kufika. Mjerumani Helmut Haas aliligundua hilo kwa majaribio aliyoyatoa mwaka 1949 huko Göttingen: mwangwi ukichelewa kwa milisekunde chache, hata ukiwa na nguvu kuliko sauti ya kwanza, msikilizaji bado husema sauti imetoka pale ilipotoka ya kwanza. Mwangwi hukubaliwa kuongeza ujazo na utamu, ila haukubaliwi kutaja mahali. Lakini cheo hicho hupatikana pale sauti inapoanza kwa kishindo. Timpani likipigwa, pembetatu ya chuma ikigongwa, sikio hushika mahali papo hapo. Fidla 30 zikianza noti kwa upinde unaoteleza taratibu, kishindo hakipo, na sikio hubaki na upande tu: kushoto, kulia, katikati. Kidole cha kunyoosha hukipati. Unapata wingu zuri la sauti lenye upana, lenye kina, linalokuzunguka mabegani.

Neno "linalokuzunguka" silisemi kwa mapambo. Mwaka 1967 Harold Marshall wa New Zealand alichapisha hoja kwamba kumbi nyembamba za zamani hupendwa kwa sababu mwangwi wa mapema humfikia msikilizaji kutoka ubavuni, kwenye kuta za kushoto na kulia. Mwangwi wa ubavuni huyapa masikio mawili habari zinazotofautiana, na tofauti hiyo ubongo huihisi kama upana na kufunikwa na muziki. Wasanifu wa kumbi wameifanyia kazi hoja hiyo tangu wakati huo. Sasa fikiria sebule yako: spika mbili, zote mbele. Ubavuni hamna kitu ila kabati la vyombo. Rekodi inaweza kuubeba mwangwi wa Vienna, lakini itautoa mbele yako pamoja na fidla, kupitia matundu yale yale mawili.

Na kwa nini matundu mawili? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wahandisi wa Bell nchini Marekani, wakiongozwa na Harvey Fletcher, hawakuanza na mbili. Waliwaza pazia zima la maikrofoni mbele ya okestra na pazia zima la spika kwenye ukumbi mwingine, kila maikrofoni na spika yake. Wakapunguza hadi tatu. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga nyumbani kwake bila watazamaji, ikiongozwa na Alexander Smallens, na sauti yake ikasafiri kwa nyaya za simu hadi Constitution Hall mjini Washington. Huko wasikilizaji waliketi mbele ya jukwaa lisilo na mpiga muziki hata mmoja. Leopold Stokowski, kiongozi mwenyewe wa okestra hiyo, alikuwa Washington ameshika vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Njia tatu: kushoto, katikati, kulia. Majumbani tukapata mbili kwa sababu mfereji wa santuri una kuta mbili, na kila ukuta hubeba njia moja. Kampuni za RCA na Mercury ziliendelea kunasa kwa njia tatu katika miaka ya 1950, kisha zikazikunja kuwa mbili ili zienee kwenye mfereji.

Hivyo yule mwimbaji unayemsikia katikati, baina ya spika zako, hana spika. Spika zote mbili zinatoa sauti yake kwa nguvu sawa, na ubongo unamweka pale pasipo na kitu. Jongea kidogo kushoto, naye atajongea nawe, na ukizidi atazama kwenye spika ya kushoto. Ukumbini ukihama kiti, fidla hazihami.

Sasa tufike kwenye kiti chenyewe nilichokitaja kichwani mwa makala hii. Mwaka 1954 kampuni ya Decca ya Uingereza ilianza kunasa stirio katika Victoria Hall mjini Geneva, Ernest Ansermet akiiongoza Orchestre de la Suisse Romande. Mafundi wake, Roy Wallace na Arthur Haddy, wakabuni mtambo uliopewa jina la mti wa Decca: fremu ya chuma yenye umbo la herufi T, ikiwa na maikrofoni tatu za Neumann M50. Ya kushoto na ya kulia hutengana kwa mita 2 hivi, na ya tatu hutangulia mbele kwa mita 1 na nusu. Mti huo husimamishwa kama mita 3 kutoka sakafuni, juu ya kichwa cha kiongozi wa okestra au nyuma yake kidogo. Tangu siku hizo maelfu ya rekodi za okestra na za muziki wa filamu zimefanywa kwa mti huo, na bado unatumika.

Hebu mchore msikilizaji huyo. Anaelea juu ya kiongozi wa okestra. Masikio yake yametengana mita 2, mara kumi na zaidi ya kichwa cha mtu. Ana sikio la tatu puani. Yuko ndani kabisa ya ule mpaka wa mita 5 kwa fidla zilizo mbele, hivyo kila mkwaruzo wa upinde unamfikia mzima mzima. Hakuna tiketi ya kiti hicho. Hakuna binadamu aliyewahi kukikalia.

Hata vipimo vya macho havilingani. Tuseme okestra imetanda mita 18 kutoka kushoto hadi kulia. Kwa kiongozi aliye mita 3 kutoka mstari wa wapiga fidla, upana huo ni pembe ya zaidi ya nyuzi 140. Kwa aliyeketi mita 20 nyuma ni nyuzi 48 hivi. Kwa aliye mita 40, kule kwenye viti vya wanafunzi, ni nyuzi 25. Spika za nyumbani zikipangwa kwa kanuni, wewe na spika mbili mkiwa pembetatu yenye pande sawa, huwa zimeachana kwa nyuzi 60. Kwa upana, basi, santuri inakuketisha mita 15 au 16 kutoka jukwaani, kiti kizuri tu cha mbele. Kwa uwazi wa vyombo inakupandisha begani kwa kiongozi. Sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba zipo noti ambazo mtunzi mwenyewe alizigawa kushoto na kulia, na sikio likakataa kuzigawa? Simfonia ya sita ya Tchaikovsky ilipigwa mara ya kwanza St Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, akiiongoza mwenyewe siku tisa kabla ya kifo chake. Sehemu ya mwisho inaanza na wimbo wa huzuni unaoshuka ngazi kwa ngazi. Kila mtu anausikia. Ila hakuna anayeupiga. Fidla za kwanza hupiga noti moja ya wimbo na kuacha inayofuata. Ile inayofuata iko kwa fidla za pili. Kisha hurudi kwa za kwanza, hivyo hivyo, huku kila kundi likiruka juu na chini kwa noti zisizo na maana zikichukuliwa peke yake. Wakati ule fidla za kwanza zilikaa kushoto na za pili kulia, zikitazamana. Noti za wimbo huo zilikuwa zikirushwa ng'ambo hii na ng'ambo ile ya jukwaa, na msikilizaji alisikia wimbo mmoja ulionyooka.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Diana Deutsch alionyesha jambo kama hilo maabara: noti zilizopishana kwenye masikio mawili, zikisikika kwenye hedifoni, watu wengi huzipanga upya kichwani kwa kufuata ukaribu wa noti, hata kama kwa kufanya hivyo wanaisogeza sauti kutoka sikio moja hadi lingine. Wimbo huishinda nafasi. Kwangu huu ndio ushahidi mkubwa kuliko ule wa kuta. Sikio la muziki halihangaikii sana nani kakaa wapi. Linatafuta nini kinafuata nini. Na Tchaikovsky alijua tofauti, kwa sababu wimbo huo unaporudi baadaye katika sehemu hiyo hiyo, alizipa fidla za kwanza wimbo wote peke yake.

Okestra nyingi zilihama mpangilio huo katika karne ya 20. Stokowski alikuwa miongoni mwa walioziweka fidla zote kushoto, vyombo vya nyuzi vikitanda kutoka vyenye sauti nyembamba kushoto hadi vyenye sauti nene kulia. Kwa hiyo ile picha ya stirio unayoizoea, fidla kushoto na selo kulia, si mpangilio walioujua Mozart, Beethoven wala Tchaikovsky. Siku hizi baadhi ya viongozi wameurudisha ule wa zamani.

Wapo watunzi walioandika mahali pamoja na noti. Berlioz, katika Requiem yake iliyopigwa kwenye kanisa la Les Invalides mjini Paris tarehe 5 Desemba 1837, aliweka vikundi vinne vya tarumbeta na vyombo vingine vya shaba kwenye pembe nne. Hapo mahali ni sehemu ya muziki wenyewe, na spika mbili za mbele hazitoshi.

Upande mwingine yuko Wagner. Kwenye jumba lake la Bayreuth, lililofunguliwa mwaka 1876, okestra iko ndani ya shimo lililofunikwa, chini ya jukwaa. Hakutaka ionekane, na sauti hutoka imeshachanganyika. Halafu ona kilichotokea. Mwaka 1958 John Culshaw wa Decca alinasa Das Rheingold, opera ya Wagner huyo huyo, katika ukumbi wa Sofiensaal mjini Vienna, Georg Solti akiiongoza Vienna Philharmonic. Culshaw alichora miraba yenye namba kwenye sakafu ya jukwaa ili kila mwimbaji ajue asimame wapi na ahamie wapi, kama kete. Mtunzi aliandika fuawe 18, zile za kufulia chuma, nao wakatafuta fuawe 18 za kweli wakazigonga. Mzunguko mzima wa opera nne, ambao Das Rheingold ni sehemu yake, ulimalizika kunaswa mwaka 1965. Muziki ambao mtunzi aliuficha shimoni ukawekwa mezani, kila kitu kikionekana kwa masikio. Wapo wanaosema ni usaliti. Mimi sisemi hivyo. Culshaw hakudai kunasa usiku mmoja wa Bayreuth. Alijenga jumba la opera kwa ajili ya mtu aliye peke yake chumbani asiye na jukwaa la kutazama.

Maana ukumbini macho hufanya kazi kubwa kuliko tunavyokubali. Unamwona mpiga obo akivuta pumzi, na sauti ya obo inajitenga na wingu, inakaa pale alipo. Jicho likishaonyesha mahali, sikio husema ndiyo. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio yaliyowasumbua wanamuziki wengi: watu walioonyeshwa video za mashindano ya piano bila sauti waliwatambua washindi vizuri kuliko waliopewa sauti peke yake, na wataalamu wa muziki nao walikuwa hivyo hivyo. Santuri haina macho. Fundi anapozisogeza maikrofoni karibu na kuzitenganisha, anarudisha kwa sauti kile ambacho jicho lingekupa.

Ukitaka kujua kiti cha kweli kinasikikaje bila macho, yupo Oscar. Alikuwa sanamu ya mtu yenye maikrofoni mahali pa masikio, iliyoonyeshwa na maabara za Bell kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1933. Wageni walivaa hedifoni wakasikia dunia kama Oscar anavyoisikia. Mwaka 1973 kampuni ya Neumann ikatoa kichwa cha bandia, KU 80, mjini Berlin, na redio za Ujerumani zikatengeneza michezo ya kuigiza kwa kutumia kichwa hicho. Mweke Oscar safu ya kumi na nane, naye atakuletea ukumbi ulivyo: wingu, mwangwi, watu wanaokohoa. Soko halikuufuata mtindo huo. Zinahitajika hedifoni, na wasikilizaji wengi husikia vilivyo mbele yao kana kwamba viko ndani ya kichwa au nyuma ya kisogo. Tena okestra inasikika iko mbali. Watu waliisikia sauti ya kiti halisi wakarudi kwenye kiti kisichokuwepo.

Nyongeza ndogo kwa wanaofikiri ukumbi una jukwaa moja la sauti: Philharmonie ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1963 kwa ramani ya Hans Scharoun, ina viti pande zote za okestra. Aliyeketi nyuma anawatazama wapigaji migongoni, honi za shaba ziko karibu naye kwa kuwa midomo yake huelekea nyuma, na fidla za kwanza ziko kulia kwake, mbali. Naye amesikia tamasha lile lile.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Jukwaa la sauti lenye ncha kali, la kunyoosha kidole, ni kazi ya mikono ya mafundi, nzuri na ya halali, na anayelitumia kupima kama rekodi inafanana na ukumbi anatumia kipimo kisichofaa. Ukumbi una vipimo vingine: je, sauti ina mwili? Je, noti ikikoma inaacha mkia unaofifia polepole, au inakatika? Je, okestra ikipiga kwa nguvu zote inakuwa kubwa, au inakuwa kelele? Rekodi ikifaulu hayo, iwe na njia mbili au moja, imeukaribia ukumbi kuliko ile inayokuonyesha kiti cha kila mpiga fidla.

Na jaribio hili halihitaji safari ya Vienna. Jumapili hii, kama kanisa lenu lina kwaya inayoimba bila spika, au ukibahatika kukaa barazani wanapopiga taarabu kwa udi, kanuni na fidla bila umeme, kaa mbali kidogo, fumba macho dakika tano, kisha jaribu kunyoosha kidole kwa kila sauti. Fumbua macho uone umekosea wapi.